Mkalimani na Mkebe wa Nne

Mkalimani wetu hakuwahi kuona jangwa. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu Handeni na Korogwe ambao, siku zile za Mwingereza, wangekula kiapo kwamba alizaliwa huko na kukuzwa kwa maziwa ya ngamia. Mchanga mwingi kuliko wote aliopata kuuona kwa macho yake ulikuwa ule wa ukingoni mwa mto pale Korogwe wakati wa kiangazi, na hata huo aliukanyaga amevaa viatu, maana aliogopa funza.

Mimi nilikuwa dereva wa gari la sinema. Nilikuwa pia fundi wa mashine ya kuonyeshea na mlishaji wa injini ya umeme, kwa kuwa Serikali haikupenda kuajiri watu watatu mahali ambapo mmoja angeweza kuchoka kwa niaba ya wote. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka jeupe, bomba la bati mdomoni, awaambie watu kwa Kiswahili mambo ambayo Wazungu wa kwenye picha walikuwa wakiyasema kwa Kiingereza. Wazee wakizidi vijana, aliingia kwenye Kizigua bila kupunguza mwendo.

Baba yangu aliletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka Unyamwezi, naye Mkalimani alikuwa Mzigua wa damu, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Niliweza kumtukana mbele ya mama yake, na mama yake akacheka. Niliweza kuingia uani kwake, nikakamata kuku, nikaondoka naye mchana kweupe, na asiwe na pa kushtaki. Siku ya msiba wake ningekuwa mbele, nikimwigiza marehemu mbele ya wafiwa mpaka wanipe kitu ninyamaze. Yeye naye alikuwa na haki hizo zote juu yangu. Jambo moja tu mtani hana, nalo ni kusadikiwa. Ukimwambia mtani wako nyumba yake inaungua, atamaliza kwanza chai yake. Nimeishi na kasoro hiyo, na mwisho wa habari hii mtaona ilivyoniumiza.

Alikuwa mwembamba sana. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, soksi ndefu na tarabushi nyekundu ambayo kishada chake kilikwisha kung'oka zamani. Ukimwona anashuka garini ungemwonea huruma, ukatamani kumpa uji. Kisha angeinua lile bomba na kusema, "Jamani wa Sindeni, hamjambo!" na mbuzi wangeruka zizini. Sijui sauti ile aliihifadhi wapi mwilini. Nilimwambia mara nyingi kwamba aliimeza kutoka kwa mtu mnene na mwenyewe bado anaitafuta.

Popote alipokwenda alibeba kibuyu cha maji. Alikuwa na hofu ya kiu, hofu ya kweli, kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alikunywa kabla ya kupanda gari, akanywa tukifika, na tukipita kijito alinisimamisha ajaze upya hata kama kibuyu kilipungua funda moja tu. Nilimuuliza mara moja kiu hiyo aliipata wapi, yeye mtu wa kaptula na tarabushi.

"Kwenye shuka, mtani," akanijibu. "Wewe unatazama mashine. Mimi namtazama yule mtu."

Yule mtu, basi. Filamu zetu karibu zote zilikuwa za mafunzo: nzi na hatari zake, kunawa mikono, kuchimba choo, kulima matuta. Watu walizitazama kwa adabu. Katikati ya mikebe hiyo ya busara ilikuwamo filamu moja isiyofundisha kitu, habari ya maisha ya Mzungu mmoja aliyeishi kweli, aliyeacha kwao akaenda kukaa jangwani pamoja na wachunga ngamia, akitafuta visima vya kale vilivyofukiwa na mchanga. Jina lake lilikuwa gumu kulitamka, na kwa hiyo Mkalimani alimwita Ndugu Yetu. Tukifika kijijini, kabla hata sijazima gari, watoto kwa wazee walikuwa wanauliza, "Ndugu Yetu yumo?" Nikisema yumo, wanafunga vibanda.

Filamu ile ilikuwa na mikebe minne, lakini sisi tulipewa mitatu. Wa nne ulipotelea njiani, au haukutoka kabisa Dar es Salaam, hakuna aliyejua. Kwa hiyo kila tulipoionyesha iliishia mahali pale pale. Ndugu Yetu yuko peke yake mchangani. Ngamia wake amepiga magoti na hataki kuinuka. Kiriba cha ngozi amekikamua, hakikutoa hata tone. Anatambaa mpaka juu ya tuta la mchanga, anatazama mbele, mahali ambapo sisi hatupaoni, na anainua mkono. Hapo mkanda unakwisha, shuka linabaki jeupe, na injini yangu inasikika tena ikikohoa.

Aliinua mkono kwa nini? Kumwita mtu? Kuaga? Kukinga jua? Hapo ndipo Mkalimani alipokula mshahara wake.

Lazima nieleze kwamba mtu huyu, nje ya sinema, alikuwa hawezi kusema uongo hata wa kumfukuza mgeni. Kabla ya gari letu alikuwa mkalimani wa mahakamani, Handeni, na huko alisifika kwa kutafsiri kila kitu. Shahidi akipiga chafya, anamwambia hakimu, "Amepiga chafya." Mshtakiwa akimtukana hakimu, anamfikishia hakimu tusi lote, bila kulipunguza wala kulipamba, halafu anaomba radhi kwa niaba yake mwenyewe. Nikamuuliza inakuwaje mtu wa namna hiyo akishika bomba la bati anageuka kuwa mzushi kupindukia.

"Mahakamani mtu anafungwa kwa neno langu," akasema. "Huku nani anafungwa?"

Kwa hiyo alizua. Kwashemshi, kule milimani, Wasambaa walimtazama Ndugu Yetu anavyohangaika na wakashindwa kumwelewa. Maji kwao yanapita mlangoni. Mzee mmoja aliinuka katikati ya picha, akauliza mbona bwana huyu hachimbi mfereji. Mwingine akasema mchanga ule ukipewa mbolea kidogo ungefaa muhogo. Mkalimani aliona wanampoteza mtu wake, basi mkanda ulipokwisha akawanyeshea mvua. Mvua ile niliisikia mimi mwenyewe, na nilikuwa nimekaa pakavu. Aliinyunyiza, akaimwaga, akaleta radi kwa kupiga bomba gotini, na Ndugu Yetu akainua mkono kukinga matone, akacheka, akarudi kwao akiwa ameloa. Wazee wa Kwashemshi waliridhika, ila yule wa muhogo akasema mvua nyingi hivyo ingesomba udongo.

Kwenye kambi za mkonge mvua isingefaa. Vijana wa pale walikuwa mbali na kwao, na waliuliza jambo moja tu: je, kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kimejaa? Mkalimani akawaambia kimejaa siku ile ile. Aliinua mkono kusimamisha treni. Treni ikasimama, na akapanda akiwa na sanduku jipya la bati, na kambi nzima ikaimba mpaka nyapara akaja kuuliza nani ameruhusiwa kuondoka.

Na tulipokwenda Kwamsisi alifunga mdomo, hakuzua mwisho wowote.

Kwamsisi alikaa mfinyanzi mmoja mjane, mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyopauka udongo mpaka viwikoni. Mitungi yake ilisifiwa kwamba maji hupoa humo kabla hujafunika. Mkalimani alikwenda kwake mara ya kwanza kuomba maji, kama alivyoomba kila nyumba. Alikunywa kata moja, akaomba ya pili, akainywa polepole sana. Kisha akanunua mtungi. Tulipopita tena akanunua mwingine. Nilianza kuelewa gari lilipokosa nafasi ya mapipa ya mafuta. Njia ya Kwamsisi ilikuwa mashimo matupu, na nyuma yangu mitungi iligongana na kuvunjika kwa zamu, na yeye kila mmoja ukivunjika alisema, "Aha, basi itabidi turudi."

Mwishowe nilimwambia, "Mtani, ama tuoe, ama tununue gari la pili."

Akanituma mimi niwe mshenga. Mjane alinipokea vizuri, akaniletea kigoda, akaendelea kufinyanga. Nikasema yote mshenga anayopaswa kusema, nikaongeza na ya utani: kwamba bwana huyu mwili hana, lakini sauti itaweza kulinda shamba dhidi ya nguruwe. Akacheka. Halafu akauliza, "Yule mtu wa jangwani, aliishia wapi?"

Nikasema mkebe haujafika.

"Basi na mimi bado nafikiri," akasema.

Nilidhani ni maringo ya kawaida. Mkalimani naye alidhani hivyo, na kwa muda tuliendelea kuvunja mitungi kwa furaha. Kisha ikatokea ya Sindeni.

Mwaka ule Sindeni mvua iliwakataa. Mahindi yalisimama shambani yamekauka, na wanawake walikwenda mbali kutafuta maji, wakirudi na ndoo nusu. Tuliweka shuka letu, nikaonyesha mikebe mitatu, na nilipotazama nyuso za watu nikaona kwamba hakuna mahali pengine popote walipowahi kumwelewa Ndugu Yetu kama pale. Hakuna aliyecheka ngamia. Kiriba kilipokamuliwa, bibi mmoja mbele alijishika koo. Mkono ukainuka, shuka likawa jeupe, na wote wakamgeukia Mkalimani.

Angewezaje kumnyeshea mvua mtu wa kwenye shuka mbele ya watu wale? Na treni Sindeni haipiti. Alivua tarabushi yake, akasema bila bomba, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Amekufa. Aliinua mkono kutuaga."

Watu wakatawanyika. Tulilala garini, na asubuhi nilipofungua mlango nilikuta uwanja umejaa. Wanawake walikuwa wamekuja na unga, na kunde, na maji yao yale ya shida. Walikuwa wameketi chini kama wanavyoketi matangani. Wanaume walisimama foleni kumpa Mkalimani pole. Yeye si ndiye aliyetangaza msiba, na mwaka mzima si alimwita marehemu Ndugu Yetu? Mtu amefia mchangani, hana wa kumzika, hana wa kumlilia. Waungwana wa Sindeni hawangeweza kuliacha jambo hilo lipite.

Mkalimani alinitazama. Nikamwambia kwa macho kwamba hii ni kazi yake. Alipokea pole ya kwanza kwa kigugumizi, ya pili vizuri, na kwenye ya tatu akaanza kulia machozi halisi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamsogelea, akamuuliza kwa upole kama marehemu alikuwa Mwislamu.

"Alivaa kilemba," Mkalimani akasema, akijipangusa.

Mwalimu akafikiri. "Tutasoma dua," akasema. "Mengine Mungu atayachambua mwenyewe."

Na mimi nilifanya nini? Msiba wa Mzigua, mtani yupo, atakaa tu? Nilingoja dua iishe, nikaenda garini, nikajitanda shuka la sinema kama joho la jangwani, nikaja natambaa katikati ya wafiwa na sufuria tupu kichwani. Nikaikamua sufuria. Nikapiga magoti kama ngamia na kukataa kuinuka mpaka nilipwe. Yule bibi aliyejishika koo alicheka mpaka akalala ubavu, kisha akanipa kipande cha muhogo uliochomwa, na hapo ndipo nikakubali kuinuka. Tulikula matanga ya Mzungu ambaye hatukuwahi kumjua, na nasema kweli sijapata kukaa kwenye msiba mzuri kuliko ule. Tuliondoka tumeshiba na macho mekundu.

Lakini habari za msiba hupanda baiskeli. Tulipofika Kwamsisi zilikuwa zimetutangulia, na pamoja nazo zile za Kwashemshi na za mkonge. Mfinyanzi hakuniletea kigoda.

"Mshenga," akasema, "mwambie bwana wako hivi. Kwashemshi mtu huyu amenyeshewa. Kwenye mkonge amepanda treni. Sindeni amekufa na mmekula matanga yake, nasikia na wewe ulipewa muhogo. Mtu anayempa mwenzake vifo na mvua kwa kadiri anavyotazamwa, mimi ataniambia nini siku nitakapozeeka?"

"Shemeji mtarajiwa, ile ni kazi tu..."

"Sijakataa. Siku nitakapouona mwisho wa mtu huyo hapa, kwa macho yangu, na yeye akasema kile kilichopo, siku hiyo nitajibu. Na mtungi leo siuzi."

Nilipomfikishia, Mkalimani alikaa juu ya pipa la mafuta na hakugusa kibuyu mpaka jioni. Kuanzia siku hiyo mkebe wa nne ukawa ndio maisha yake. Aliuulizia ofisini kila tulipopita Handeni. Tukiwa Korogwe alikwenda stesheni kila treni ilipoingia kutoka Tanga, akasimama karibu na behewa la mizigo amevaa kaptula yake ya kusimama yenyewe, mpaka mkuu wa stesheni akawa anamwona kwa mbali na kujificha. Vijijini, Ndugu Yetu alipoinua mkono, yeye alisema, "Tusubiri, jamani," na watu wakanung'unika. Nilimwonea huruma. Nilimcheka pia, kila siku, maana ndiyo kazi yangu, lakini huruma ilikuwepo.

Kisha mkebe ukaja. Ulikuwa umebandikwa karatasi yenye jina la filamu yetu, herufi kwa herufi. Mkalimani aliupokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga. Nikataka kuujaribu kwanza kwenye mashine, kama fundi yeyote mwenye akili.

"Usiuguse," akasema. "Nitauona pamoja naye."

"Na kama amekufa?"

"Nitasema amekufa."

Kwamsisi jioni ile kulikuwa na umati ambao kijiji hakikuwahi kuuona. Hata waliokula matanga Sindeni walikuja kwa miguu, wana wasiwasi, wakitaka kujua kama unga wao ulitumika kwa haki. Mfinyanzi alikaa mbele, mikono ameinawa mpaka viwikoni, kwa mara ya kwanza nikaona rangi yake. Nikaonyesha mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kiriba kikakamuliwa. Mkono ukainuka. Nikabadilisha mkanda.

Mwanga ukarudi kwenye shuka. Tukaona ardhi kavu. Tukaona mwanamume, mtu mweusi, amevaa kaptula, ameshika jembe. Akatema mate mikononi na kuanza kuchimba.

"Amekuja mtu!" ikapigwa kelele. "Amekuja wa kumsaidia!"

"Anachimba kisima!"

Uwanja mzima ukasimama. Kila jembe likishuka watu walishusha pumzi nalo. Shimo likafika magotini, likafika kiunoni, na vijana wakaanza kupiga makofi wakiimba, "Maji! Maji!" Wanawake wakajibu, "Maji!" Wale wa Sindeni walikuwa wanakumbatiana. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye mashine. Filamu ile nilikwisha kuionyesha kila kijiji kuanzia Korogwe mpaka baharini, na Mkalimani alikwisha kuieleza kila kijiji, na sote wawili tuliijua kwa jembe lile la kwanza.

Akanitazama. Nikainua mabega.

Bomba lilikuwa mdomoni mwake. Neno moja tu lilitakiwa, kisima, na hata hilo watu walikwisha kulisema wenyewe. Asingezua kitu, angeitikia tu. Nilimwona akilamba midomo iliyokauka. Nilimwona akimtazama mfinyanzi, ambaye katika kelele zile zote alikuwa amekaa tu, anamngoja. Ee Mungu, nilijisemea, mtani wangu, sema kisima uoe, twende zetu.

"Jamani," akasema, na sauti ile ikafunika uwanja. "Hicho ni choo."

Jembe likashuka bila mtu wa kupumua nalo.

"Choo cha nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Cha mafunzo."

Kicheko kilichofuata sijui kilianzia wapi. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja wa Sindeni alirudia, "Tumeimbia choo! Tumeimbia choo!" mpaka wajukuu wakamkalisha. Mkalimani alingoja, tarabushi mkononi, mpaka wakapunguza kelele.

"Mkebe umebandikwa jina lisilo lake," akasema. "Mwisho wa Ndugu Yetu umebaki huko uliko. Niliwaambia wengine amenyeshewa, na wengine amekufa, na yote niliyasema nikiwa sijui. Kama alifika kwake, sijui. Hilo ndilo lililopo."

Alishusha bomba. Nikajua kwamba amejiona ameshindwa, kwani mwisho aliotakiwa kuuleta hakuuleta. Mabega yake yalining'inia ndani ya shati. Mfinyanzi akasimama. Alikwenda taratibu mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaangukia shimo la choo, akalichukua bomba mkononi mwa Mkalimani. Aliligeuza kutazama upande wa kusemea. Kisha akasema.

"Alifika."

Watu wakakaa chini, wote kwa pamoja.

"Aliinua mkono kwa sababu aliona moshi wa jiko. Alipofika mlangoni mkewe akamwambia, ulikuwa wapi siku zote, na mtungi umejaa? Hakumpa maji mengi, maana mwenye kiu ya namna ile akinywa kwa pupa anadhurika. Alimpa kidogo, akamnyang'anya kata, akampa tena kidogo. Yule bwana akataka kuanza kusimulia alivyoteseka. Mkewe akamwambia, utasimulia kesho tukienda kuchimba udongo, na usimulie kama ilivyokuwa." Akageuka, akanitafuta gizani nyuma ya mashine. "Mshenga, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji," nikasema.

Vigelegele vilivyopigwa pale viliamsha kuku wa kijiji kizima. Nilisahau kuzima mashine. Nyuma ya wachumba wale, yule bwana wa kaptula wa kwenye shuka aliendelea na kazi yake, akaezeka, akatia mlango, akaufungua na kuufunga kutuonyesha, na Mkalimani alikuwa amesimama mbele yake analia na kunywa maji kwa wakati mmoja.

Baadaye filamu zikaanza kuja na Kiswahili chake ndani ya mashine, na Serikali ikaona haihitaji tena mtu wa kusimama kando ya shuka. Alihamia Kwamsisi akawa mchimba udongo wa mkewe. Nasikia hakuwa hodari. Na miaka ile ya kushindana na injini yangu ikaja kudai koo lake: sauti ikapungua, ikapungua, ikabaki ya kunong'ona.

Mimi niliendelea kuendesha magari. Ikatokea siku nikiwa Tanga nimepita mbele ya nyumba ya sinema, ya viti na mapazia, nikaona ubaoni picha ya ngamia ninayemfahamu. Nilikata tikiti nikiwa sijielewi. Nikakaa gizani katikati ya watu nisiowajua, nikatazama mikebe yote minne bila kukatika, na asubuhi iliyofuata niliazima baiskeli.

Niliwakuta uani, wamekaa kando ya mitungi inayokauka. Mkalimani alikuwa mwembamba kuliko zamani, jambo ambalo nisingelidhani linawezekana. Sikungoja hata maji.

"Nimeuona," nikasema. "Mkebe wa nne. Nimeuona mwisho wake."

Mtani akatabasamu. "Ehe," akanong'ona. "Haya, aliinua mkono kwa nini?"

"Kufukuza nzi."

Alicheka kicheko kisicho na sauti, mabega yakaruka, machozi yakamtoka. "Nzi!" akanong'ona. "Jangwani! Mtani, miaka yote umekaa karibu yangu, hukujifunza kutunga hata kidogo?"

"Naapa! Nzi alikuwa puani. Halafu wakaja wenye ngamia wakamkuta. Halafu yuko kwao, mzee, amekaa kwenye kiti, blanketi magotini, na mkewe anamletea kikombe."

"Cha nini?" mfinyanzi akauliza.

"Cha chai."

"Chai ya moto? Mtu ametoka kwenye kiu ile?" Alikasirika kweli, akaweka udongo chini. "Huyo mwanamke hampendi. Na wewe shemeji kama unatudanganya, utudanganye vizuri."

Niliapa kwa mama yangu. Niliapa kwa baba yangu na kwa mkonge uliomleta. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka, na mwishowe nilijisikia nacheka nao, ingawa moyoni nilikuwa naumia, maana nimeendesha baiskeli tangu Tanga na ukweli mtupu mfukoni na hakuna wa kuupokea. Mfinyanzi alinipa maji, kidogo, akaninyang'anya kata, akanipa tena kidogo. Nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye ua, na pale, mumewe asisikie, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini alifika?"

"Alifika, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye udongo wake.

Nilipita nyuma ya nyumba kuchukua baiskeli, na huko nikachukua pia jogoo, mwekundu, mzito, mnono kuliko mwenye nyumba. Nikambana kwapani, nikapanda. Kwenye kona ya njia nikatazama nyuma. Mtani wangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, sauti hana, ameinua mkono. Labda alikuwa ananiaga, labda alikuwa anadai jogoo wake. Nikainua wa kwangu, uliokuwa umebaki mtupu, baiskeli ikayumba, nikakanyaga pedali.